Fyuzi Iliyobaki Mfukoni

Stoo ya Nyuma,
Duka la Redio na Muziki,
S.L.P. 418.

9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto linakubali sasa kupanda ngazi bila wewe kuzitukana. Mkaza mjomba hajambo? Huku tu wazima wa mwili. Kikohozi kimemwachia Mama. Mimi usingizi umenipaa, lakini si homa. Sababu yake utaiona mbele.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku la spika, saa ya mapumziko ya mchana, mlango nimeurudishia. Ukiona mwandiko umepinda, usiilaumu kalamu.

Kazi yangu unaijua, maana wewe ndiye uliyenitafutia. Naandika stakabadhi, napokea simu, na Jumamosi nahudumia chumba cha kusikilizia. Humo ndimo zinamouzwa zile fyuzi za kofia ya dhahabu, zinazosemwa kwamba husafisha sauti. Mteja hukaa kwenye kochi, husikiliza wimbo kwa fyuzi ya kawaida, kisha mimi huingia nyuma ya pazia, nikazima amplifaya, nikaweka ile ya dhahabu, na wimbo ukapigwa tena. Bosi hufumba macho na kusema sauti imevua koti. Mteja naye huafiki.

Nikiri kwamba mimi sikuwahi kusikia koti wala shati. Nililaumu masikio yangu. Maana mlangoni mwa chumba kile, ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa barua yako: kwamba wewe, fundi wa redio kwa miaka thelathini na mmoja, umeisikia tofauti kwa masikio yako mwenyewe na unaithibitisha. Nilikuwa nikiipita kila asubuhi kama mwanafunzi apitaye mbele ya mwalimu wake. Nikajiambia, kama Mjomba amesikia, basi ipo.

Jumamosi iliyopita alikuja daktari wa meno na mkewe. Zile fyuzi ni za kioo chembamba, na Bosi alikwisha nionya kwamba nikivunja moja nitajua kilichomtoa kanga manyoya. Mikono ikaloa jasho. Nikaitia ya dhahabu kwenye mfuko wa shati ili nijifute, kisha, kwa woga na haraka, nikaokota iliyokuwa mezani, nikaipachika, nikawasha.

Wimbo ukapigwa. Nikamsikia daktari akimwambia mkewe kwamba sasa anamsikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Mkewe akajibu kwamba yeye anasikia hata kiti alichokalia. Bosi akasema koti limevuliwa. Mimi nikainama kuokota kitambaa changu, nikahisi kitu kigumu kinanibana kifuani. Ilikuwa ile ya dhahabu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Walipoondoka na kifurushi chao nikamfuata Bosi, nikaungama, nikijua kazi sina tena. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Karani," akasema, "ndiyo kwanza unakosea leo? Mimi, kabla hujaja, mwaka mzima nilikuwa sibadilishi kitu. Nazima, nahesabu mpaka kumi, nawasha."

Nikamwuliza, na barua ya Mjomba je?

"Mjomba wako alikuja hapa anamtafutia mpwa wake kiti. Mimi nilikuwa natafuta barua. Kila mtu akaondoka na chake. Muulize mwenyewe kama alisikia kitu."

Nikaenda kuitazama tarehe. Uliisaini Jumatano. Mimi niliitwa kazini Alhamisi.

Mjomba, ni wewe uliyenifundisha, nikiwa na miaka tisa na ukiniita Bisibisi, kwamba fyuzi si mwimbaji, ni bawabu: kazi yake ni kukatika ili nyumba isiungue. Siku niliyofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, nikakuambia ni fyuzi, hukunichapa. Ulininyamazia mpaka jioni, na nikajua kwamba kwa fundi uongo ni kosa kubwa kuliko kuunguza redio.

Na lipo moja usilolijua. Mama amenunua fyuzi moja ya dhahabu. Alikuja mwenyewe dukani kabla ya Jumamosi ile, akaisoma barua yako, kidole kikifuata mistari juu ya kioo. Nilimkaribisha kwenye kochi asikilize kwanza, akakataa. Akasema kaka yake amekwisha msikilizia. Sasa imo ndani ya redio ya Babu. Kila akiiwasha huniuliza, "Unasikia, mwanangu?" Nami humjibu nasikia.

Bosi sasa anataka barua ya pili. Ameshaichapa, imebaki saini yangu. Anasema karani msomi, tena mpwa wa fundi, ataaminiwa kuliko fundi. Akaongeza kwa upole kwamba vijana wenye mwandiko mzuri ni wengi. Jibu analitaka Ijumaa, na naogopa, Mjomba, kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote.

Sikukasirikii kwa kunitafutia kazi. Linaloniuma ni kwamba uliniacha niipite barua ile kila asubuhi nikiyashuku masikio yangu, hali wewe ulijua ni mazima.

Sitasaini. Nimeliandika hilo kwa wino ili nisiweze kulifuta.

Kumwambia Mama nakuachia wewe. Ni dada yako, na alichokiweka ndani ya redio ni neno lako. Humu kwenye bahasha nimekutilia ile fyuzi ya kawaida, ile iliyosifiwa na daktari wa meno. Iweke kwenye redio yako, usikilize vizuri, kisha umwandikie Mama ulichosikia.

Nisalimie mkaza mjomba na wale pacha. Waambie nimewatunzia vipande vya sumaku. Mungu akulindie macho, mikono, na masikio pia.

Mimi mpwa wako, nikupendaye hata leo,

Bisibisi