Nusu ya dawa ya mbwa

Shoga, upo? Niko kwa daktari wa mifugo. Nimekaa tu.

Bosi, paka wa binti yangu, alijaa viroboto. Binti anajikuna mpaka darasani. Nikaomba kwa jirani dawa ya matone anayompaka mbwa wake, nikampaka Bosi nusu shingoni. Nusu, shoga, kama ninavyowakatia watoto kidonge.

Haikupita saa, akaanza kutetemeka miguu yote. Macho yamemtoka.

Daktari kasoma pakiti, akaniangalia. "Mama, paka si mbwa mdogo."

Kwa upole kabisa. Heri angenifokea.

Unajua nilimjibu nini? "Lakini nilipima." Nilipima! Mtu mzima na stashahada yangu.

Wamemuogesha kuitoa ile dawa, wamemtundikia dripu. Daktari anasema tusubiri kesho, haahidi kitu.

Hata kulia silii. Taulo nililomfungia liko mapajani, limejaa viroboto waliokufa. Nawatazama tu.

Binti katoka shule sasa hivi, kaniandikia: "Mama, Bosi ameacha kujikuna?"

Ameacha, shoga. Nimeshaandika "ndiyo" mara mbili, nikafuta.