Tumbo la Bi Mlango

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Mama je, kikohozi kimemwachia? Na baba, bado anabishana na redio? Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ila mkono wangu wa kulia unanuka tumbo la ng'ombe hadi begani, na sabuni imesalimu amri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema baba ataleta ng'ombe mtamba mwezi ujao, na ulipomwomba akuachie umlee, alikujibu kwamba mkono uliomuua Madoa hautagusa mnyama wake mwingine. Niliusoma nikiwa nimesimama stoo, kati ya magunia ya pumba, ikabidi nikae. Miaka miwili imepita na bado anakuhukumu! Nitalirudia hilo, Kaka. Kwanza nikusimulie kazi ya huku, maana bila hiyo hutanielewa.

Hapa kwenye kituo cha utafiti tunaye ng'ombe tunayemwita Bi Mlango. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, alipasuliwa akawekewa kizibo kipana cha mpira, mfano wa mfuniko wa ndoo. Ukikifungua unaona ndani ya tumbo lake la kwanza, naye wala hana habari, anaendelea kucheua. Nilidhani wananitania kwa ugeni wangu. Daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, akanipa glavu ndefu akasema nisiogope, upande ule hauna meno.

Niliingiza mkono hadi kwapani. Mna joto la uji, Kaka! Majani yanaelea juu, maji yako chini, na ghafla ukuta wa tumbo ukanibana mkono, ukaachia, ukabana tena. Sisi tumekulia zizini, lakini sikuwahi kudhani kwamba ng'ombe aliyelala anasinzia ana shughuli kubwa namna ile ndani yake.

Kisha Daktari akachukua tone moja la yale maji akanitazamisha kwa hadubini. Vijidudu, Kaka, vijidudu wasiohesabika, wanakimbia huku na huku utadhani soko limeshika moto. Daktari alisema katika tone lile wamo wengi kuliko watu wote niliowahi kuonana nao tangu nizaliwe. Hao ndio wanaovunjavunja majani. Ng'ombe peke yake hawezi. Kumbe miaka yote tulipokuwa tukikata majani tulikuwa tukiwalisha wao, nao ndio waliokuwa wakimlisha Madoa. Siku ile nilishindwa kula mchana kwa kustaajabu tu.

Sasa, kazi yetu msimu huu ni mafuta. Ng'ombe anayekamuliwa sana huhitaji nguvu za ziada, na mafuta yana nguvu nyingi. Kuna aina iliyofungwa kwa chokaa, vipunje vikavu vinavyochanganywa na pumba. Vipunje hivyo hupita tumbo la kwanza kimyakimya, vijidudu wasishtuke. Vikifika mbele, kwenye tumbo lenye uchachu mkali, ndipo vinafunguka, nyongo inayalainisha mafuta, utumbo unayanyonya, yanaingia kwenye damu na mengine yanafika kwenye kiwele. Yaani kitu kinajua wapi pa kunyamaza na wapi pa kusema! Maziwa ya Bi Mlango majuma yale yalikuwa na utando wa malai wa kukatika kwa kisu.

Ili kupima, tunatia nyasi kavu kwenye kifuko cha kitambaa, tunakifunga kamba na kukitumbukiza kupitia ule mlango. Baada ya siku mbili tunakivuta. Wakati wa vipunje, kifuko kilitoka karibu kitupu, nyasi zimeliwa. Baadaye Daktari akaamuru, kwa kipimo chake na kwa siku chache tu, Bi Mlango apewe mafuta ya maji, yale ya kawaida ya kupikia. Nilipokivuta kifuko safari hiyo kilikuwa kizito. Nyasi zilikuwa nzima, zinateleza.

Daktari akaeleza kwamba mafuta ya maji hugandamana na majani na kuwadhuru wale wavunjaji wake. Wanaobaki hujaribu kuyageuza yawe magumu ili wajiokoe, na katika kuhangaika kwao hutokea kitu kinachofika hadi kwenye kiwele na kukiambia kipunguze malai. Ndiyo maana maziwa ya Bi Mlango yalikuwa mepesi juma lile. Akaongeza kwamba ng'ombe akimwagiwa mafuta hayo kwa wingi, siku baada ya siku, ataacha kucheua, ataharisha na kukonda mbele ya hori lililojaa.

Wenzangu waliendelea kuandika vipimo. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu aliyokuwa akiyaeleza ndiyo yaliyompata Madoa.

Kaka, ni mimi. Unakumbuka mama alivyolalamika kwamba maziwa hayana malai? Wewe ulikuwa ukichanganya pumba, mimi nazibeba hadi horini. Njiani nilipita nyuma ya jiko nikamiminia mafuta yaliyobaki ya kukaangia, vikombe vitatu, kila jioni, karibu majuma mawili. Nilidhani mafuta yakiingia, mafuta yatatoka. Malai yalipozidi kupungua nikaongeza kikombe cha nne. Madoa alipoanguka na baba akakusimamisha uani akisema umemlisha pumba zilizooza, nilikuwa mlangoni. Jina la Kidomodomo ulinipa wewe kwa jinsi nisivyojua kunyamaza, na siku ile moja nilinyamaza. Sikujua nilichokifanya kingemuua, lakini nilijua kwamba si wewe. Nisamehe, kaka yangu. Nimekuonea.

Wasalimie mama na majirani wote, na dada uliyeniambia nisimtaje mbele ya mama, naye pia msalimie. Kisha barua hii mpe baba. Usimsomee wala usimpunguzie makali. Kuanzia nilipoandika kwamba ni mimi, nimeandika kwa maandishi makubwa, ili asitafute miwani wala kisingizio, na asipate la kufanya ila kukuita umpokee mtamba.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo