Walioridhika Port Reitz

Port Reitz, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nataraji nyote huko Utange wazima. Simu tunaziacha langoni na tunalala humu humu, ndiyo maana barua hii nampa Kitsao, dereva wa lori la maji.

Tangu kampuni ituhamishie hapa kutoka ghala la Kongowea, sina raha. Nataka kuomba nirudishwe. Jioni tukifunga kazi, sauti hutuuliza mmoja mmoja kutoka stoo tupu: "Nyevu, umeridhika na uhamisho?" Nilidhani ni meneja, nikajibu kwa adabu, "Nimeridhika, asante." Kumbe meneja alikwishakwenda zake.

Mwanao, Nyevu

Utange, 9 Machi

Mwanangu Nyevu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila kuku wako wamenichosha. Wewe nawe! Nilikulea ujibu "njema" hata nyumba ikiungua, lakini si kwa kitu usichokiona uso. Kikikuuliza tena, sema hujaridhika. Kisha njoo Jumapili. Port Reitz si Ulaya.

Mama yako

Port Reitz, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Jumapili zote hizo sikuja, niwie radhi. Nilijaribu kusema sijaridhika, ulimi ukaona haya. Kinauliza kwa upole, kama mwenyeji aliyekupikia. Na kila nikijibu, inakuwa kweli. Sitamani tena kurudi. Mwenzangu wa kazi, Gladys, alikuwa akiwalilia watoto wake. Sasa ukimtajia, anauliza watoto wa nani, na anacheka. Naogopa, mama. Jana nilikaa kitambo nikilitafuta jina la kaka yangu, sikulipata. Anaitwa nani?

Mwanao

Utange, 23 Aprili

Nyevu,

Salamu leo zitangoja. Kaka yako ni Garama. Garama! Usijibu lolote. Kesho nakuja na Kitsao, nikutoe huko.

Mama yako

Port Reitz, langoni, 24 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nakuandikia hapa nje, maana umeshaingia ndani. Ulitoka umependeza, ukanipa mkono: "Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?" Nilikufa moyo.

Nyuma yako, ambapo hapakuwa na mtu, kile kitu kikaniuliza, "Mama, umeridhika na mwanao alivyo?" Mgeni halalamiki kwa watu, lakini mimi nilipaza sauti: "Sijaridhika! Nirudishie mwanangu!"

Halafu kikauliza tena, sasa kwa sauti yako, na midomo yako imefumba: "Mama, huna radhi nami?"

Ningefanyaje? Mama akimnyima mwanawe radhi, amemlaani. Nikasema, "Nina radhi nawe, mwanangu. Nimeridhika."

Wameniletea chai, nzuri kwelikweli. Hapa pana upepo, hapana kelele. Ila kuna mwanamume mmoja wa lori la maji ananivuta mkono, analia, ananiambia twende Utange kwetu. Nimemwambia kwa adabu kwamba amenifananisha.

Mama