Maharagwe Yaliyoingia Tanurini

Nyumbani kwa Bibi,
Nyuma ya duka la mikate.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haikusumbui tena, na baridi ya huko inakuachia angalau siku moja moja ya kuota jua. Sisi hatujambo. Baba kikohozi kimemwacha. Mama analalamikia magoti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kazi utamfanyia wewe? Bibi ni mzima wa afya, macho tu ndiyo yanazidi kufifia. Siku hizi ananitambua kwa hatua zangu. Bado ananiita mke mwenza, na bado ananituhumu kwamba nilimnyang'anya mume, ingawa Babu alifariki nikiwa sijaota meno.

Mvua zimeanza vizuri. Paa la jikoni, lile ulilokuwa ukilikingia sufuria tatu, lilizibwa mwaka juzi. Watu wote walishangilia. Mimi huwa nalala nikiikosa ile milio mitatu ya matone.

Kila mwaka hukuandikia habari za maonyesho ya kilimo ya shuleni wiki ileile yanapokwisha. Mwaka huu nimechelewa zaidi ya mwezi. Sababu utaiona, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Unakumbuka asubuhi zake? Madawati yakitolewa madarasani na kupangwa uwanjani, magunia yakifungwa juu ya nguzo kuwa kivuli, harufu ya chokaa mbichi ikichanganyika na ya mbuzi, na yule tuliyemwita Kipaza akihesabu "moja mbili, moja mbili" mpaka betri zinakwisha kabla mgeni rasmi hajafika. Ulikuwa ukinisuka siku moja kabla, ukinivuta nywele kwa haraka zako mpaka macho yanapanda juu. Kisha tunaondoka na toroli: boga lako limefunikwa shuka kama mtoto mwenye homa, mimi nyuma na bakuli la Bibi kifuani. Mwaka ule kondoo dume wa jirani alipokula maua yote ya akina mama, ulicheka mpaka ukakaa juu ya boga lako mwenyewe.

Nimepita shule nyingi tangu wakati huo. Sijakaa tena mahali nilipoogopa na kufurahi kwa pamoja kama kwenye uwanja ule, nikimngoja Bwana Shamba afike kwenye bakuli letu.

Meza ya mbegu ipo palepale, chini ya dirisha la darasa la kwanza. Kila nyumba inaweka bakuli moja. Bwana Shamba anakagua na kutoa utepe, halafu sheria ni ileile: chukua konzi moja ya mbegu za mwenzako, acha konzi moja ya zako. Na bado watu huanzia kwa maharagwe ya Bibi, yale meupe yenye doa jekundu jichoni, aliyokuja nayo alipoolewa, yamefungwa kwenye pindo la nguo yake.

Mwaka jana Bwana Shamba alikuta punje tatu zenye matundu ya fukusi, akampa Bibi utepe wa pili. Bibi alicheka. Mimi sikuweza. Unanijua, Shangazi, kitu kidogo kikiniingia hakitoki. Nilitembea mwaka mzima na matundu yale matatu kana kwamba niliyetobolewa ni mimi.

Basi mwaka huu, siku mbili kabla ya maonyesho, nilifunua chungu cha mbegu nikaona unga mweupe juu ya majivu. Fukusi walikuwa wameanza. Sikumwambia Bibi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba joto huua mdudu na mayai yake. Nilikumbuka neno joto. Kiasi chake sikukitafuta. Nilichukua chungu kizima, sikubakiza hata punje moja, nikaenda kwa mwoka mikate wakati mikate ya asubuhi imeshatoka.

"Dada, hili ni tanuri la mikate," akaniambia.

Nikamjibu kwa maneno marefu ya shule. Akainua mikono, akanipisha. Nilitandaza maharagwe kwenye sinia zake, nikayasukuma ndani, nikakaa juu ya gunia la unga nikafungua kitabu. Kitabu kilikuwa kizuri mno. Mwoka mikate mwenyewe ndiye aliyekuja kunigusa bega.

Yalitoka yanang'aa, Shangazi. Hayakuungua hata moja. Siku ya maonyesho Bwana Shamba aliweka punje katikati ya magego yake, akauma, ikalia ka! Akafumba macho kama anayesikiliza muziki. Utepe wa kwanza. Kipaza akatangaza jina la ukoo wetu mara tatu, na safari hii betri zilikuwa nzima. Bibi alikaa kwenye kiti kando ya meza, amevaa ile nguo uliyomnunulia kabla hujaondoka, akisalimia kila aliyenyoosha mkono. Nilijaza bakuli upya mara tano. Nyumba kumi na sita ziliondoka na maharagwe yetu, na mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Bibi nikiwa na furaha ambayo sasa naona aibu kuikumbuka.

Mvua iliponyesha, watu wakapanda. Mahindi yakatoka. Kunde zikatoka. Matuta ya maharagwe yetu yalibaki meusi, laini, kama kitanda kilichotandikwa ambacho hakuna aliyekilalia.

Kila asubuhi Bibi aliniuliza, "Mke mwenza, yameamka?" Nami nilikwenda kutazama, nikarudi na neno moja, bado. Siku ya sita nilichimbua moja. Lilikuwa limevimba, linateleza, linanuka. Nikajua. Lakini nilisema bado siku ile pia, na siku tatu zilizofuata. Sijui jinsi ya kukueleza mtu anavyoweza kujua jambo na bado mdomo wake ukaendelea kusema jingine kila asubuhi, kwa sauti ya kawaida, huku anamimina chai.

Asubuhi ya kumi Bibi hakuniuliza. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza akisugua vidole vyake. Akasema, kama anayejisemea, "Nadhani ni mkono wangu. Mkono ukizeeka mbegu zinaukataa."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilipiga magoti nikamwambia, "Bibi, si mkono wako. Niliyatia tanurini."

Akaacha kusugua vidole. "Tanuri la nani?"

"La mwoka mikate."

"Yote?"

"Yote."

"Na hata kipande cha mkate hukuniletea?"

Akacheka, Shangazi, akacheka mpaka kikohozi kikampata na Mama akaja mbio na maji. Kisha kicheko kikakatika, akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akaendelea kujifuta kwa muda mrefu kuliko kicheko kile kilivyohitaji. Alipomaliza aliniambia, "Utazunguka nyumba zote kumi na sita. Utasema kwa mdomo wako. Usimtume mtu, na usiseme Bibi anaumwa."

Nilizunguka siku mbili. Mama Mapacha, jirani wa mtoni, alinisikiliza mikono kiunoni. "Kwa hiyo nimepanda mchuzi?" akaniuliza, halafu akawaita wanawe wote waje wamwone msomi aliyepika shamba. Wengine hawakutania, wakaingia ndani na kuniacha uani. Kila nyumba niliuliza kama wana akiba ya maharagwe yale ya mwaka jana au mwaka juzi. Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikula yaliyobaki, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kwa Bibi yapo. Hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi.

Utepe niliurudisha kwa Bwana Shamba. Aliugeuzageuza akaona haya, maana naye aliuma na kusifu. Amesema kuanzia mwakani kila nyumba italeta punje kumi wiki moja kabla, zilazwe kwenye kitambaa chenye maji, na zisipochipua hakuna utepe. Mwoka mikate hajanisema hata neno. Ila nikienda kununua mkate anauliza kwa upole kama kuna kingine ninachoomba kiingizwe ndani.

Sasa nimefika kwako.

Nilipomaliza kuzunguka nilimwambia Bibi hayapo tena popote. Akasema, "Andika kwa shangazi yako." Nikamuuliza kwa nini. Ndipo aliponiambia habari ya siku uliyoondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwa siku ya maonyesho, kwamba wewe na Bibi mlikuwa hamsemezani tangu uliposema unakwenda, na kwamba hukungoja tuzo ya boga. Bibi anakumbuka zaidi. Anasema ulipita kwenye meza ya mbegu watu wakiwa wamegeuka kumtazama mgeni rasmi, ukachota konzi moja ya maharagwe yake, ukaitia kwenye mfuko wa koti, ukaenda zako. Ulidhani hakukuona. Alikuona. Alijifanya anafunga kilemba.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema nini? Nilifurahi. Mtu hachukui mbegu za mahali asipopataka."

Miaka kumi na mmoja ameyaweka hayo moyoni, Shangazi. Mimi nilishindwa kuweka langu siku kumi bila kuharibika ndani.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: yapo? Uliyapanda huko, hata kwenye kopo dirishani? Au yamo kwenye mfuko wa koti mpaka leo? Hata yakiwa punje ishirini, hata kama hujui yana uhai, tutayalaza kwenye kitambaa tuone. Na kama uliyapika siku fulani ya upweke, niambie pia. Katika nyumba hii mimi ndiye wa mwisho kumnyooshea mtu kidole kwa kupika mbegu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba uyatie kwenye bahasha. Nikamsomea Bibi. Akasema nifute. Anasema usiyatume, uyalete kwa mkono wako. Amemkataza Baba kupanda chochote kwenye matuta matatu ya karibu na kisima.

Nikamuuliza, na kama aliyala?

"Aje vilevile. Utapata mwenzako wa kuchekwa."

Baba anakusalimu sana. Hakusema zaidi ya hapo, lakini jana nilimwona anatengeneza kitasa cha chumba chako. Mama anakusalimu, na mdogo wangu, na Mama Mapacha, na mwoka mikate. Mungu akulinde uendako na utokako, na akuongoze njia ya huku.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Binti wa kaka yako.