Mbwa Niliyemwandika Mwenyewe

Mama Kalenga,

Nakuandikia nikiwa mezani kwetu, upande wako wa dirisha, kwa sababu upande wangu siku hizi hauna mwanga wa kuyatosha macho yangu. Sijui barua inafikaje huko uliko. Lakini kuna jambo nimelitenda, na sina mtu mwingine wa kumweleza.

Watu wa kwenu walikuja kutoka Kapolowe kuondoa matanga. Walitandika mikeka, wakasali, wakala, kisha wakataka kugawana vitu vyako kama desturi inavyodai. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika kwa wino orodha ya kila kitu kilichokuwa chako, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba mume alificha kitu. Vitenge, masufuria, cherehani, viatu vya kanisani, redio yako ndogo. Na mwisho wa ukurasa nikaandika: mbwa jike, jina lake Bijou.

Hakuna aliyeniuliza habari za mbwa. Hakuna hata aliyemfikiria. Nilimwandika kwa sababu ulimleta wewe, ukamlisha wewe, na nilitaka orodha iwe sahihi. Mdogo wako aliisoma kwa sauti hadi mwisho, akamtazama Bijou aliyekuwa amelala mlangoni pa chumba chako. Kisha akasema kwamba ngedere wanamaliza mahindi yake, na kwamba mbwa huyo atamfaa. Nilipojaribu kusema kwamba watoto wamemzoea, alinijibu mimi shemeji yake kwa upole, "Beau-frère, ni weye mwenyewe uliandika. Minye siwezi kuacha kitu ya dada yangu." Nami nilikuwa nimekwisha kutia sahihi. Aliahidi kurudi kumchukua siku ya Jumatatu, akipata gari.

Jumapili, binti yetu Odette aliniomba twende bustanini na watoto wake, pamoja na Bijou, mara ya mwisho. Unajua kwamba miaka yote ile sikuwahi kwenda. Kila Jumapili baada ya ibada ulivua viatu vya kanisani, ukavaa kandambili, ukamfunga Bijou kamba, ukasimama mlangoni na kuuliza, "Baba Kalenga, leo pia hapana?" Nami nilijibu bila kuinua kichwa kwamba bustani ile ni vumbi tupu na kelele. Nilikuwa nasoma. Leo sikumbuki hata kitabu kimoja nilichokuwa nikisoma.

Basi nilikwenda. Odette alitangulia na Ruthe mdogo, aliyembeba sungura wake kikapuni ili naye apate majani mabichi. Mimi nilimshika dada yake Tina mkono mmoja, na kamba ya Bijou mkono wa pili. Sikuijua njia mliyokuwa mkipita. Bijou ndiye aliyenipeleka. Alizunguka nyuma ya soko, akafika kwenye kijiukuta kilicho kando ya mtaro, akasimama, akangoja. Tina akaniambia kwamba hapo ndipo ulipokuwa ukipumzika kwa sababu ya mguu.

Sikujua kwamba mguu ulikuwa ukikuuma.

Langoni, mwanamke anayeuza karanga alimwita Bijou kabla ya kuniona mimi. Alimpa kipande cha mkate, kisha akauliza, "Mama yake iko wapi? Siku mingi hatumuone." Odette alimweleza. Yule mwanamke aliweka sinia lake chini, akajifunika uso kwa kitenge. Alipojifunua alinitazama sana. "Njo weye bwana yake? Alikuwa anasemaka, bwana yangu ni mwalimu, haogopake kitu, anaogopa tu vumbi." Alicheka huku akilia, na Odette naye akacheka vivyo hivyo. Nilisimama kati yao nikiwa na suti yangu. Watu wa pale walikujua, walimjua mbwa wako, waliwajua wajukuu zako kwa majina. Mimi walinijua kwa vumbi.

Benchi lako ni lile la saruji lililovunjika mgongo, chini ya jakaranda. Nilikaa mwisho wake. Bijou akaja kulala mahali ambapo miguu yako ingekuwa. Ruthe alimweka sungura majanini, na Bijou, ambaye nyumbani humkimbiza, alimwacha ale. Maua yaliniangukia mabegani; sikuyapangusa. Ulichokuwa ukikiomba kwangu kilikuwa kidogo hivyo tu, Mama Kalenga. Nikae.

Kisha Tina akaja kusimama mbele yangu. Ana miaka tisa, lakini aliongea nami, babu yake, kama mtu aliyelifikiria neno lake kwa siku nyingi. "Nkambo, ile karatasi iko kwako. Futa jina yake."

Nilimjibu kwamba karatasi iliyotiwa sahihi haifutwi. Nilimweleza maana ya sahihi, na maana ya neno la mtu, Mungu anisamehe, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Nkambo unapenda karatasi," akaenda kukaa na mama yake.

Jumatatu mdogo wako alikuja. Bijou alikataa kupanda gari, ikabidi abebwe. Bakuli lake bado liko uani, na hakuna anayethubutu kuliondoa. Tina hunijibu ninapomwuliza jambo, kwa heshima yote, wala haongezi neno. Nimewafundisha watoto wa mji huu maisha yangu yote kwamba kitu kiandikwe kama kilivyo. Nikaandika kitu kama kilivyo, na nyumba imebaki bila sauti. Wewe ulichukuliwa na ugonjwa, na hapo sikuwa na uwezo. Huyu nimemtoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Juzi mdogo wako alinipigia simu kunishukuru. Anasema ngedere wamepungua.

Alhamisi nitapanda gari la Kapolowe. Nitapiga magoti mbele yake, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti, nimwombe anirudishie mbwa. Nadhani atakataa, na haki iko upande wake. Akikataa, nitakaa kidogo na Bijou pale alipofungwa, kisha nitarudi Likasi nimwambie Tina kwamba nimemwona, kwamba amenenepa, kwamba anakimbia shambani kutwa nzima na watoto wa huko wanampenda. Nakuahidi kwamba nitamwambia hivyo hata nikimkuta amebaki mifupa mitupu.

Kwaheri, mke wangu.

Baba Kalenga