Waliambiwa Ni Jambo Dogo

Kaka Haji,

Shikamoo, ingawa leo hakuna wa kuniitikia. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akusamehe pale ulipoteleza. Mimi nduguyo Mwanaidi ni mzima wa mwili tu. Nimekaa barazani na lile kaunta buku lako la habari za chombo cha anga, naandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba uliokuwa ukiucheka. Nivumilie.

Shuleni Baleni wameletewa mwalimu mpya wa sayansi, kijana wa Iringa, mpole, joto la kwetu bado linamshinda. Watoto hawampi nafasi. "Mwalimu Haji alikuwa anatuhadithia chombo kinachopaa kama roketi, kinatua kama ndege, halafu kinapaa tena. Na wewe tuhadithie!" Maskini, akaja nyumbani kuniuliza mimi. Nikamweleza nilichoshika: kwamba vyombo vile vilikwenda na kurudi kwa miaka thelathini, na viwili havikurudi, kila kimoja na watu saba. Kwamba katika kile cha kwanza alikuwamo mwalimu wa shule, mwanamke, na wanafunzi wake walikuwa wanatazama kwenye televisheni. Hapo kila mara ulikuwa unavua miwani, unaifuta hata kama ni safi.

Unakumbuka nilipokuuliza watu wa huko juu wanaswali wakielekea wapi? Ulicheka mpaka chai ikakupalia. "We Mwanaidi! Wenzio wanauliza injini, wewe unauliza kibla!" Kisha ukanisomea kwamba Mwislamu mmoja aliwahi kupanda, na Ramadhani ikamkuta safarini. Nilifurahi wiki nzima.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo.

Siku ile Dar, daktari alituita pembeni mimi na Baba Mdogo. Akasema ni kansa, imeshika ini, na haifai kupasua. Baba Mdogo akanishika mkono. "Haji asijue. Akijua atakata tamaa kabla ya siku zake. Mwambie ni vidonda vya tumbo." Unajua kwetu ndivyo tufanyavyo. Bibi tulimficha, Mjomba tulimficha, na wote tuliona ni huruma. Nikaingia wodini natabasamu, nikakwambia vidonda vya tumbo, uache pilipili. Na wewe ukaacha, kaka. Miezi mitatu hukugusa pilipili, wewe ambaye wali bila pilipili uliuita chakula cha wagonjwa.

Na kila nilipomtaja mwanao Zuhura, ulisema, "Mwezi wa saba nakwenda Mwanza, tumbo likitulia. Nitampigia hodi mwenyewe." Miaka minne hamsemezani kwa sababu ya mume uliyemkataa. Mimi nilijua mwezi wa saba hautakukuta. Nikajibu, inshallah. Nilichukua neno la Mungu nikafunikia uongo wangu. Hilo ndilo linalonikaba ninaposujudu.

Halafu ile asubuhi, tumesharudi nyumbani, ulipokuwa huwezi tena kukaa bila mto mgongoni. Ukanisomea ukurasa wa chombo cha pili. Kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu gumu kilichomoka kwenye tangi kikapiga bawa. Mafundi wa chini waliona kwenye picha. Wengine wakaomba bawa litazamwe kwa makini, wakubwa wakaona hakuna haja. Wale saba wakatumiwa ujumbe kwamba ni jambo dogo, wasiwe na wasiwasi. Wakaendelea na kazi zao huko juu. Siku ya kurudi, watu wao wamesimama uwanjani wanawangoja, moto wa kasi ya kushuka ukaingia pale bawa lilipotoboka, chombo kikakatika hewani.

Ukafunga daftari. "Mwanaidi, ungekuwa wewe huku chini, ungewaambia?"

Nilikuwa namenya chungwa. Nikasema, "Ningewaacha wafurahie siku zao. Wangejua, wangefanya nini?"

Ukaniangalia. "Wangeaga," ukasema. Basi. Ukanyoosha mkono nikupe chungwa.

Kaka, ulikuwa unauliza habari za wale saba, au ulikuwa unaniuliza mimi? Kama ulijua, ulinifungulia mlango nikaubamiza. Kama hukujua... hapo naogopa hata kumalizia.

Zuhura alikuja kwa arobaini yako. Tuko jikoni tunakuna nazi, akaniuliza, "Shangazi, baba alijua anakufa?" Baba Mdogo alikuwa ameshaniusia niseme ilikuwa ghafla, maana yamepita. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikashindwa. Nikamwambia yote, ya daktari, ya pilipili, ya mwezi wa saba.

Hakulia. Aliweka chini kizio cha nazi, akanawa mikono. "Kumbe mlikuwa na miezi mitatu, shangazi." Akafunga begi, akaenda kulala kwa rafiki yake Kilindoni, na Alhamisi akapanda boti ya Nyamisati kuvuka kwenda bara. Sikumwona tena. Baba Mdogo naye hataki salamu yangu. Anasema nimemtonesha mtoto na nimewavua nguo wazee. Huenda ni kweli. Sijui hata kama nilisema kwa ajili ya Zuhura, au nilichoka tu kubeba peke yangu.

Nakuahidi mambo mawili. Zuhura nitampigia kila Ijumaa baada ya sala. Nimeshapiga mara mbili, hapokei; nitapiga. Na mgonjwa yeyote nitakayemuuguza, akitaka kujua, ataambiwa na mimi, nimekaa karibu yake, sina chungwa mkononi.

Pumzika, kaka yangu. Mola akitukutanisha, nikikuuliza kama ulijua, nijibu kweli. Usinihurumie.

Nduguyo,
Mwanaidi