Eneo Tupu Lililonimeza Mguu

Mji Mkongwe, Jumanne

Dada Rehema, shikamoo. Mimi mzima, ila nanuka.

Si unakumbuka nilivyoondoka nyumbani nimeikumbatia ramani yangu kama mtoto mchanga? Jana niliipeleka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, kuwaonyesha wenyeji watalii wataegesha wapi magari. Ufukweni nilikuwa nimeandika "eneo tupu", maana kwenye picha ya angani niliona mawe tu. Basi maji yalipokupwa nikatangulia mbele ya kina mama, nanyoosha kidole kama waziri, mara ardhi ikanimeza mguu hadi gotini. Harufu iliyotoka hapo, dada, hata vyoo vya shule yetu vilikuwa na heshima.

Bi Mwanakombo, mkubwa wao, akanivuta. "Pole, mwanangu. Hapo chini ya mawe nnafukia makumbi ya nazi, yakioza nnasokota kamba. Kila jiwe unaloliona lina mwenyewe. Hilo nimeachiwa na mama."

Wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaniosha mguu. Bi Mwanakombo akaniokotea kalamu: "Haya, andika sasa." Nikaandika majina, jiwe kwa jiwe, mpaka pale palipokuwa tupu pakakosa nafasi hata ya baiskeli. Bosi wangu sijui nitamwambia nini.

Wabusu wanao. Nakuletea kamba ya kuanikia nguo. Viatu nilivyoazima kwako nisamehe: cha kushoto ndicho pekee kilichopata maegesho pale.

Mdogo wako, mtaalamu,
Tatu